Bustani ya Nyumbani si Shamba Dogo

Bustani nyingi za nyumbani huanza kwa namna ile ile shamba linavyoanza. Masika yakikaribia, kipande cha nyuma ya nyumba hulimwa chote kwa siku moja, hupandwa mboga ya aina moja au mbili, aghalabu mchicha au nyanya, na kwa majuma kadhaa hupaliliwa na kumwagiliwa kwa bidii. Kisha mboga zote hukomaa kwa mpigo. Familia inakula mchicha mchana na usiku, majirani wanagawiwa, unaobaki unatoa maua na majani yake kukakamaa, na kipande kinakaa kitupu mpaka msimu mwingine. Kama zilipandwa nyanya, huenda ukungu ukazimaliza kabla hazijaiva. Mwenye nyumba hujihukumu kwamba hana mkono wa kupanda, na hukumu hiyo si ya haki. Kilichoshindwa ni kipimo alichokitumia bila kujua. Shamba hupimwa kwa magunia, na ni sawa lipimwe hivyo, kwa kuwa mavuno yake huwekwa ghalani au huuzwa. Bustani ya nyumbani haina ghala wala soko. Mteja wake ni jiko moja linalodai kila siku. Basi na ipimwe kwa siku: katika siku 365 za mwaka, ni ngapi ambazo mtu alitoka jikoni mikono mitupu akarudi na kitu cha kutia chunguni? Ninachodai katika sura hii ni kwamba anayekubali kipimo hicho atalazimika kupanda aina nyingi, atalazimika kuzichanganya, na atazitunza tofauti kabisa na alivyofundishwa kuhusu mistari iliyonyooka na zao moja.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote uko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kuanzia kama mita 900 hadi 1,900 juu ya usawa wa bahari, upande wa kusini na mashariki wa mlima, Wachaga wamezizungushia nyumba zao vihamba kwa vizazi vingi. Mgeni anayepita barabarani hudhani ameona msitu. Akisogea anagundua kuwa kila kimo kina kazi yake. Juu kabisa ipo miti kama mringaringa na mgrevilea, ya mbao, kuni na kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na karibu na ardhi magimbi, maharage, mboga za majani na mimea ya dawa. Viazi vikuu hupanda juu ya miti, na masale husimama mpakani. Mwaka 1984 watafiti Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe walichapisha uchunguzi wao wa vihamba hivyo. Kihamba cha wastani kilikuwa na hekta 0.68, yaani hakifiki ekari mbili, lakini katika mfumo mzima waliorodhesha zaidi ya spishi 100 za mimea inayotumiwa na watu. Baadaye Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alipata zaidi ya spishi 500 ukijumlisha na zile zinazojiotea zenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo katika kijiji cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa mifumo ya kilimo ya urithi wenye umuhimu kwa dunia nzima. Wingi huo wa aina haukutokana na kupenda mapambo. Familia iliyoishi juu ya ardhi ndogo, bila jokofu na mbali na duka, ilihitaji kitu cha kuchuma kila siku, na ilijibu haja hiyo kwa kupanda mimea ambayo haikomai pamoja. Hata mgomba wenyewe hupangwa hivyo: shina moja huachiwa mama, binti na mjukuu, machipukizi mengine hung'olewa, ili mkungu mmoja ukikatwa mwingine uwe njiani.

Lililo na maana zaidi kwa hoja yangu ni kwamba Wachaga hao hao walikuwa na ardhi nyingine chini tambarare, walikolima mahindi na maharage kwa msimu, nayo waliitendea kama shamba. Hawakuchanganya akili hizi mbili. Mahindi yanataka jua lote, huvunwa mara moja na kuanikwa. Hayana sababu ya kuwa mlangoni. Ndizi ya kupika leo, gimbi la kumpa mtoto na mboga ya jioni lazima viwe hatua chache kutoka jikoni. Sehemu hizi mbili zililishana: mabua na majani yalibebwa kutoka tambarare kwenda kwa ng'ombe na mbuzi wa zizini, mzigo huo ukiwa mara nyingi kichwani mwa wanawake, na samadi ikaishia kwenye migomba. Ni lazima jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu wapo wanaokisifu kihamba kana kwamba rutuba yake ilijizaa yenyewe kutokana na mchanganyiko wa miti. Anayechuma kila siku anaondoa rutuba kila siku, na bustani ya aina nyingi isiyorudishiwa kitu huchoka kama shamba lolote. Mfumo huo ulibeba pia zao la biashara bila kulipa enzi ya peke yake. Kahawa iliingia kihambani ikapewa nafasi chini ya migomba, haikuing'oa migomba. Mwaka 1989, mgawo wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika na bei ya dunia kuporomoka, familia zilizokuwa zimepanda hivyo ziliumia mfukoni, lakini mgomba, gimbi na mboga vilikuwa bado vimesimama pale pale.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: Kilimanjaro ina mvua na udongo wa volkeno, je, hayo yanamhusu nini mtu wa Dodoma au wa Kilifi? Orodha ya mimea haimhusu, na angefanya kosa kuinakili. Kinachomhusu ni namna ya kuwaza. Pwani, ambako mchanga hauhifadhi maji, nyua za zamani zilijijenga kwa mnazi, mwembe, mpera, mlimau na mkomamanga, na chini yake mrehani, mchaichai na asumini. Kimo tofauti, kina cha mizizi tofauti, wakati wa kuzaa tofauti. Kwenye ukame wa kati, kunde, mlenda na mlonge huchukua nafasi ambayo sukuma wiki ingeililia maji bure. Anayeishi mahali pakavu ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuchanganya, kwa sababu mvua ikikatika mapema zao moja humalizika lote, ilhali mlonge wenye mzizi mrefu huendelea kutoa majani baada ya mchicha kunyauka.

Mimea iliyochanganywa vizuri hugawana vitu ambavyo mimea ya aina moja hugombania. Mchicha na mgagani hupenda jua kali na hukua kwa kasi kwenye joto. Tangawizi, manjano na magimbi huvumilia kivuli cha mgomba, ambamo mchicha ungerefuka na kudhoofika. Kunde hushirikiana na bakteria waliomo kwenye vinundu vya mizizi yake kunasa naitrojeni ya hewani, na majani na mizizi yake ikiozea pale pale sehemu ya naitrojeni hiyo humfaa atakayepandwa baadaye. Majani mapana ya maboga hufunika ardhi, hupunguza magugu na kuzuia jua lisiikaushe. Upande wa wadudu, ushahidi uliopimwa vizuri zaidi Afrika Mashariki ni wa kituo cha icipe nchini Kenya, ambacho tangu miaka ya 1990 kimeendeleza kilimo cha mahindi yaliyochanganywa na desmodiamu na kuzungushiwa matete. Harufu ya desmodiamu huwafukuza vipepeo wa funza wa mabua, matete yaliyo pembeni huwavuta, na mizizi ya desmodiamu huzuia gugu la kiduha. Tena, utafiti uliofanywa Kenya kwenye kilimo cha waridi ulionyesha kwamba mgagani ukipandwa kati ya waridi hupunguza utitiri mwekundu. Mboga ambayo wengi wanaidharau kwa uchungu wake ina harufu yenye kazi.

Hata hivyo mchanganyiko wowote si mchanganyiko mwema, na hapa washauri wengi wa bustani hurahisisha mno. Nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu, viazi mviringo na hata mnavu ni wa ukoo mmoja. Kwa macho ya mpishi hizo ni aina sita. Kwa macho ya maradhi ni karibu mmea mmoja. Bakteria wa mnyauko wanaoshambulia nyanya hubaki udongoni na kumngoja ndugu yake, na kantangaze, mdudu aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014 na kuteketeza nyanya za wengi, huweza pia kuishi kwenye bilinganya, viazi na mnavu. Mwenye bustani anayeng'oa nyanya zilizonyauka na kupanda pilipili kwenye shimo lile lile amebadilisha jina tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza si ‘nina mboga ngapi?’ bali ‘nina koo ngapi?’ Bustani yenye mchicha, kunde, maboga, sukuma wiki, matembele na nyanya chungu ina koo sita, na kila tuta linaweza kupokea ukoo mgeni kila linapoachwa wazi. Bustani yenye aina nane za ukoo wa nyanya ni zao moja lililovaa nguo nyingi. Kumbukumbu ya nini kilikuwa wapi ina thamani kuliko chupa ya dawa, na daftari la shule linatosha kuiweka.

Utunzaji wa kila mmea hutegemea namna unavyolipa. Mchicha hulipa haraka kuliko wote: majuma matatu hadi manne baada ya kusia unaweza kung'oa miche iliyobanana na kuipika, ukaacha mingine ikue. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba mkono hauwezi kuzigawa sawa, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kusiwa. Siri ya kuwa nao mwaka mzima ni kusia mstari mfupi kila baada ya wiki mbili badala ya kusia tuta zima kwa siku moja. Na ulioachwa ukue hukatwa shina juu ya majani ya chini ili uchipue pembeni. Sukuma wiki inataka subira kidogo mwanzoni, kisha hulipa kwa miezi mingi ikiwa mchumaji atavuna majani ya chini na kuacha matano au sita ya juu. Anayeiparura hadi kileleni anaila leo na kuikosa mwezi mzima. Kunde nayo huchumwa majani machanga mapema, lakini anayetaka na maganda lazima apunguze mkono maua yanapoanza. Maboga yanapenda kukatwa ncha: ncha ikiliwa, mmea hutoa matawi mengine, na ncha ndiyo tamu. Yasisahauliwe maua, kwa sababu mboga ya boga ina maua dume na jike mbalimbali, na bila nyuki tunda changa hunyauka likadondoka. Ndiyo maana mrehani, ukiachiwa utoe maua pembeni, si pambo la bure. Nyuki wanaokuja kwake hupitia kwenye maboga pia.

Halafu ipo mimea ya akiba, ile inayosubiri bila kulalamika. Matembele hupandwa kwa kipande cha mmea chenye vifundo kadhaa, nusu ikifukiwa, na yakishashika hufunika ardhi hata pale ambapo udongo si mzuri. Muhogo hutoa kisamvu kwa mwaka mzima, ila ni lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa maana majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Nyanya chungu, au ngogwe, ikichumwa mara kwa mara na kurudishiwa samadi inaweza kuzaa kwa muda mrefu. Mpapai huanza kuzaa ukiwa na umri wa miezi minane hadi kumi na miwili, lakini mbegu haisemi kama itatoa dume au jike, kwa hiyo wajuzi hupanda miche mitatu kwenye shimo moja na kuondoa isiyofaa inapotoa maua. Mlimau na mchaichai hukaa miaka. Mimea hii ikichukua kama nusu ya bustani, mwenye nyumba anaweza kusafiri, kuugua au kulemewa na kazi, akarudi akakuta bado kuna cha kuchuma. Bustani ya mchicha mtupu haimvumilii mtu hata wiki mbili.

Udongo na maji ndivyo vinavyoamua kama haya yote yatabaki maneno. Nimesema kwamba kuchuma ni kuondoa, na kihamba kilirudishiwa kwa samadi. Nyumba isiyo na mifugo ina maganda ya ndizi, viazi na mayai, majani makavu na mabaki ya mboga. Vyote hivyo vikirundikwa mahali penye kivuli, vikamwagiwa maji kidogo na kupinduliwa kila baada ya wiki mbili au tatu, huwa mboji baada ya miezi michache. Samadi ya kuku ni kali. Ikiwekwa mbichi huunguza mizizi, kwa hiyo iozeshwe kwanza. Majivu ya jikoni yana potasiamu na hupunguza uchachu wa udongo, yanafaa yakitawanywa kwa kiasi, lakini kuyamwaga mahali pamoja kila siku huuharibu udongo huo. Kuhusu maji, kwenye kiangazi kikali kila mita moja ya mraba yenye mboga huweza kupoteza lita nne hadi sita kwa siku. Tuta la mita moja kwa tatu basi linataka karibu ndoo moja. Yeyote anayenunua maji kwa ndoo ataona mara moja kwa nini bustani haiwezi kuwa kubwa, na kwa nini matandazo ya nyasi kavu au majani ya mgomba ni lazima: yanapunguza sana ukaukaji wa ardhi. Maji ya kuoga na ya kuoshea mchele yaelekezwe kwenye mgomba na mpapai. Yale yenye sabuni nyingi ya unga yasirudiwe mahali pamoja, kwa kuwa sodiamu yake hujilundika udongoni, na maji yoyote machafu yasiguse majani yatakayoliwa mabichi.

Pingamizi la pili ni la nafasi, na linatoka kwa watu wa mijini ambao uwanja wao wote ni baraza. Jibu lilipatikana Kibera, Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, chakula kilipokuwa shida na barabara hazipitiki, shirika la Solidarités la Ufaransa lilianza mwaka 2008 kuwasaidia wakazi kupanda mboga kwenye magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati huachwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke hadi chini, ubavuni hutobolewa matundu ya sukuma wiki na spinachi, na juu hupandwa vitunguu au giligilani. Eneo la ardhi linalochukuliwa ni la stuli moja, nayo miche inayoingia ni ya tuta zima. Anayefanya hivyo mjini awe mwangalifu na chanzo cha udongo. Udongo wa karibu na gereji, jalala au mahali palipochomwa betri unaweza kuwa na risasi, madini yasiyoonekana wala kuonjwa, na vumbi la barabara hukaa kwenye majani. Udongo uletwe kutoka mahali panapojulikana na mboga zioshwe vizuri. Kupanda pasipo salama ni kubaya kuliko kutopanda.

Pingamizi la tatu halisemwi sana vitabuni lakini ndilo linaloongoza ufagio: kwamba mimea karibu na nyumba huleta nyoka na mbu, na kwamba uwanja uliofagiwa hadi udongo ung'ae ndio uwanja wa watu wastaarabu. Hofu hiyo ina kiini cha kweli na haifai kuchekwa. Nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Rundo la kuni, matofali na magugu yaliyogusa ukuta humkaribisha kuliko tuta la mboga linalopaliliwa. Ukanda wa mita moja au zaidi ukiachwa wazi kuzunguka nyumba, rundo la mboji likaondolewa ukutani na mabaki ya nafaka yasitupwe ovyo, hatari hupungua bila kuifuta bustani. Kwa mbu lazima kutofautisha. Anopheles gambiae, msambazaji mkubwa wa malaria, huzaa zaidi kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, si kwenye majani ya mchicha. Lakini wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaozaa kwenye maji yanayotuama katika makwapa ya majani ya migomba na magimbi, na ndugu yao Aedes aegypti, anayeeneza dengi, hupenda matairi, makopo na mapipa yasiyofunikwa. Dar es Salaam ilikumbwa na dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa hiyo pipa la maji ya kumwagilia lifunikwe, sahani za chini ya vyungu zimwagwe, na migomba isibanane na dirisha la chumba cha kulala. Hayo ni masharti ya bustani njema, nayo yanatimizika.

Pingamizi la nne ni la hesabu: fungu la mchicha sokoni ni bei ndogo, kwa nini mtu ajisumbue? Kama faida ingekuwa mchicha peke yake, ningekubali. Bustani haitatoa unga, mchele wala mafuta, na anayeahidiwa kwamba itailisha familia nzima amedanganywa. Faida yake iko kwenye vitu vingi vidogo ambavyo mtu hanunui vyote kwa pamoja: ndimu moja, pilipili mbili, jani la mchaichai, ncha nne za boga, papai la mtoto. Mlo wa wali na maharage hupata jani bichi siku ambayo pesa ya soko haipo, na siku hizo, za mwisho wa mwezi, ndizo lishe ya watoto huporomoka. Jani lililochumwa nusu saa kabla ya kupikwa halijapoteza vitamini C kama lililolala sokoni siku mbili. Majani ya kijani kibichi yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na mafuta kidogo, tui la nazi au karanga zilizosagwa huusaidia mwili kuvifyonza. Wapishi wa pwani na wa bara walishaunga mboga zao hivyo kabla ya maabara kueleza sababu. Tena mwenye bustani anajua ni lini na kwa nini mboga yake ilipuliziwa dawa, kama ilipuliziwa.

Kuna hoja nyingine ya heshima. Kwa miaka mingi mnavu, mgagani na mlenda vilihesabiwa chakula cha maskini, kabichi ikawa mboga ya mgeni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia sehemu kubwa ya kazi yake kuonyesha kwamba mboga hizi za asili zina lishe kubwa na zinazoea mazingira yetu, na Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya kisayansi mwaka 2010. Arusha, Kituo cha Dunia cha Mboga kimekuwa kikikusanya na kuhifadhi mbegu za mboga za Kiafrika. Leo mnavu na mgagani huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Kwa bustani ya nyumbani, umuhimu wa mboga hizi ni wa kazi kwanza: huota upesi, nyingi huvumilia joto linaloifanya kabichi ikatae kufunga, na mbegu zake mtu anaweza kuzitunza mwenyewe. Uchungu wa mnavu na mgagani hupungua kwa maziwa au karanga, kama wanavyofanya wapishi wa Kenya magharibi.

Linalonielemea zaidi ni pingamizi la kazi. Maji hayajibebi, na katika nyumba nyingi anayeyabeba ni mama au binti aliyekwisha choka. Bustani inayoongeza ndoo kumi kichwani mwake ni dhuluma hata ikizaa vizuri. Ndiyo maana nasisitiza matandazo, maji yaliyokwisha tumika, mimea ya akiba inayochukua nusu ya eneo, na ukubwa ambao mtu mmoja anaweza kuupitia kwa robo saa akienda kuchuma. Kupalilia hufanyika wakati huo huo wa kuchuma: mkono mmoja unakata mboga, mwingine unang'oa gugu likiwa bado changa. Vidukari huonekana chini ya jani siku ya kwanza na kuondolewa kwa maji ya sabuni kidogo, badala ya kugunduliwa baada ya wiki mbili vikiwa vimekunja mmea mzima. Wanaume na watoto wa kiume wana mikono pia, na mila isiizuie mikono hiyo kubeba ndoo.

Mwisho ni mbegu, maana bustani inayonunua kila mbegu kila msimu husimama siku duka likikosa au pesa ikikosa. Nyanya chotara za pakiti hazirudii sifa zake mbegu yake ikipandwa tena, kwa hiyo hizo zinunuliwe. Mboga nyingine nyingi hazina haja hiyo. Kunde hujichavusha zenyewe na hubaki vile vile mwaka hata mwaka. Maganda yaliyokaukia mmea hupukuchuliwa, na punje zenye matundu ya fukusi hutupwa. Mchicha mmoja wenye afya, ukiachwa ukomae, hutoa maelfu ya mbegu, zinazopepetwa na kuwekwa kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Mnavu huvunwa matunda yaliyoiva, yakakamuliwa kwenye maji, mbegu zikaoshwa na kuanikwa kivulini. Sukuma wiki haitoi maua kirahisi kwenye joto, kwa hiyo vichipukizi vya ubavuni hukatwa na kupandwa. Maboga ni tofauti: nyuki hubeba chavua kutoka bustani moja hadi nyingine, na anayetaka aina yake isichanganyike hulifunga ua jike kwa uzi jioni ile kabla halijafunguka, hulichavusha mwenyewe asubuhi kwa ua dume la aina ile ile lililofungwa vivyo hivyo, hulifunga tena, kisha hulitia alama tunda hilo lisichumwe mpaka gamba liwe gumu na kikonyo kikauke.